Watoto wetu wanajua kuongea, tatizo ni tunavyowasikiliza

Kila nikirudi Dodoma sikosi kumsikia mwalimu akilalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajui kujieleza. Ukimsimamisha mmoja mbele ya darasa anainamisha kichwa, anavuta vuta sketi, anajiuma uma mpaka unamwonea huruma. Lawama zinakwenda kwenye simu, zinakwenda kwa wazazi, na kuna wanaosema ni asili ya watu wa kanda ya kati, wapole. Hilo la mwisho linanichekesha. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mahari cha Wagogo hawezi kusema watu wale hawajui kuongea. Na huyo huyo kijana aliyekuwa bubu darasani, mkute jioni soko la Majengo akimsaidia mama yake kuuza nyanya: ana maneno ya kumrudisha mteja aliyekwisha kuondoka.

Mimi naishi Leipzig, Ujerumani, na mwanangu yuko darasa la nne huku. Baada ya kulinganisha shule yake na shule zetu, nimefikia msimamo ambao najua baadhi ya walimu hawataupenda: hofu ile tunawatengenezea wenyewe. Tunamsimamisha mtoto peke yake, mbele ya shule nzima, kwa lugha ambayo bado anaihangaikia, halafu akiteleza tunamzomea.

Chukua mtoto wa dada yangu. Yuko kidato cha pili, shule siitaji. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na mgeni rasmi akija yeye ndiye alikuwa anasoma risala. Akaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza, na Ijumaa mchana kuna dibeti. Zamu yake ilipofika alikariri ukurasa mzima. Zile salamu za kufungulia, za mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wachangiaji wenzangu, zikatoka bila kukwama. Sentensi ya tatu akachapia kitenzi, mtu wa nyuma akaguna "wuuuh", ukumbi mzima ukadakia, na ukurasa wote ukamfutika kichwani. Akarudi kukaa. Tangu hapo, ikifika Ijumaa mchana tumbo linamuuma. Dada anasema si la kusingizia.

Na kwa nini lisiume? Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, mikono inatetemeka, tumbo linasokota. Mwili hauna muda wa kutofautisha fisi na ukumbi uliojaa watu wanaosubiri uchapie.

Sasa huku. Mwaka huu mwanangu alitakiwa kuzungumza darasani kuhusu mnyama anayemtaka mwenyewe. Akachagua punda, kwa sababu ya punda aliowaona Chamwino wakivuta mikokoteni ya maji. Mwalimu aliwapa kadi ndogo zinazoenea kiganjani na sharti moja: kadi inabeba maneno tu, sentensi marufuku. Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa na "masikio", "mzigo", "mkaidi?" pamoja na alama ya kuuliza, basi. Jikoni tulirudia mpaka na mimi nikawa nawaota punda. Siku yenyewe aliongea dakika chache, na alipomaliza wenzake wakanyoosha mikono. Utaratibu wao ni kwamba unaanza kwa kusema kilichokupendeza, ndipo unatoa ushauri mmoja. Mmoja alimwambia alipenda alivyoiga mlio. Mwingine akamshauri asiongee akiwa ameligeukia bango lake. Akarudi nyumbani ananisimulia habari za bango, hofu hata haikutajwa.

Na hawaachi hapo. Katika masomo mengi ya sekondari, namna unavyochangia kwa mdomo inaingia kwenye maksi za muhula, na mtihani wa mwisho wa kuingilia chuo kikuu lazima uwe na angalau somo moja la kujibu kwa mdomo. Kwetu, Kiingereza na Kiswahili vya kidato cha nne mtu anavimaliza kwa kalamu. Usishangae mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza akiona kuongea ni kupoteza muda.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Hizo maksi za kuchangia zinawaumiza watoto wakimya wenye akili zao, na wazazi huku wanazilalamikia kila muhula. Niliwahi kujiunga na kozi ya jioni ya kuzungumza mbele ya watu, katika chuo cha watu wazima cha mji, nikidhani nitakuwa mgeni peke yangu miongoni mwa mabingwa. Nikakuta wahasibu, mainjinia na nesi mmoja, wote Wajerumani, wote wanatetemeka. Tena wasikilizaji wa huku ni wagumu! Unaongea, wanakutazama tu, hakuna "eeh", hakuna "kweli kabisa", uso hausomeki. Chuoni ukimaliza wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, na mgeni unaweza kudhani wamekasirika, kumbe ndiyo makofi yenyewe.

Kwenye kozi ile nilijifunza jambo ambalo ningependa lifike kwa kila mwanafunzi wa Dodoma. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoogopa kuhutubia. Waliona kwamba mzungumzaji hudhani hofu yake inaonekana waziwazi, wakati watazamaji wanaona kidogo sana kuliko anavyodhani. Wanafunzi walioelezwa jambo hilo kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuelezwa. Ni maelezo ya dakika moja, hayahitaji bajeti ya mtu. Nilimpigia mtoto wa dada nikamweleza, akanijibu, "Lakini mamdogo, mimi waliniona kweli." Hapo nilikosa la kusema, maana ukumbi wake ulikuwa unamvizia. Ndiyo maana naanza na wasikilizaji kabla ya mzungumzaji.

Kinachonikera ni kwamba dawa tunayo nyumbani. Ngonjera! Mathias Mnyampala, aliyezieneza mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa Mgogo wa Dodoma hii hii. Tazama zinavyofanya kazi: wawili wanasimama pamoja, mmoja anabisha, mwingine anamjibu, hakuna anayeachwa peke yake na macho ya watu. Sauti inatoka, mikono inapata kazi, na wasikilizaji wanajua mahali pa kuitikia. Upungufu wake ni kwamba maneno yanatungwa na mwalimu, mtoto anakariri, na siku ya mgeni rasmi ikipita mambo yamekwisha. Mimi ningefanya hivi: wiki ya kwanza wasome ngonjera ya mwalimu, wiki inayofuata yule anayejibu atunge majibu yake mwenyewe, kisha waache vina waendelee kubishana kwa maneno ya kawaida. Kwa Kiswahili kwanza. Hoja ikishakomaa, ndipo waibebe kwa Kiingereza, wakiwa bado wawili wawili. Dibeti ya Ijumaa ije mwisho, tena "wuuuh" ipigwe marufuku kabisa. Anayetaka kuguna asimame yeye aseme.

Wakishazoea, wapelekeni bungeni, maana si kila mkoa una Bunge jirani. Wakae jukwaa la wageni waangalie nani anaongea na nani anasoma karatasi mpaka kengele inamkuta katikati ya aya, anakimbilia "naunga mkono hoja". Kwenye basi la kurudi waulizeni wanakumbuka maneno ya nani.

Najua jibu: darasa lina wanafunzi 80, zamu zitakwisha lini? Ukiwasimamisha mmoja mmoja, hazitakwisha. Ukiwageuza wawili wawili kwenye madawati, nusu ya darasa inaongea kwa wakati mmoja na nusu inasikiliza, dakika tano wanabadilishana, na kumi zinatosha. Kelele zitakuwepo, hilo halina mjadala. Mkuu wa shule akipita koridoni atadhani darasa halina mwalimu, kwa hiyo mwambieni mapema.