Kivimbe cha mate: kosa la mrija ama la enzaimu?

Mtoto wa dadangu hapa Majengo alijing'ata mdomo wa chini akila viazi karai, siku chache baadaye kikamtoka kivimbe cha kibuluu, laini, kama punje ya mbaazi. Bibi yake akakitoboa kwa sindano, ukatoka ute mzito kama wa yai, sote tukajua kimekwisha, kumbe wiki mbili tu kiko palepale.

Sasa kuna maelezo mawili ya chanzo cha kivimbe hiki cha mate. La kwanza ni mrija. Kimrija cha tezi ya mate kikikatika mate yanavuja ndani ya nyama, mwili unayazungushia ukuta wa nyama ya kidonda, manake hata sisti ya kweli si hiyo kwa sababu ndani haina utando wake.

La pili linasema mrija peke yake hautoshi, kwani ni wangapi hujing'ata na hawavimbi? Ute wa vivimbe hivi ukipimwa hukutwa enzaimu za MMP, zile zinazokatakata kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia nyama, hivyo nyama inalegea na mate yanapata njia ya kutanuka. Halafu kuna vichochezi vya ukuaji, hivi huita mishipa midogo ya damu na seli za kujenga ule ukuta. Na mate yenyewe si maji tu, yana vichochezi hivyo pia: EGF, kimojawapo, mwanasayansi Stanley Cohen aliitoa kwenye tezi za mate za panya, akapewa Nobel 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Hoja nzuri, lakini mi hainitoshi. Kidonda chochote kinachopona kina vitu hivyo, ukimkuta fundi kwenye nyumba iliyobomoka hujui kama ndiye alobomoa ama kaja kujenga. Kinachonishawishi zaidi ni ranula, ule uvimbe wa chini ya ulimi. Tezi ya pale hutoa mate saa zote hata kama huli, ukikamua mfuko tu mara nyingi unarudi, lakini tezi ikitolewa, hata ukuta wa mfuko ukiachwa, uvimbe hunywea wenyewe. Kama enzaimu za ukutani ndo chanzo, mbona usirudi? Kwangu mimi zinakuza na kutanua, hazianzishi.

Dada anampeleka mtoto kwa daktari wa meno, nimemwambia aulize kama vile vitezi vya pembeni navyo vitatolewa ama ni kivimbe peke yake. Sindano bibi keshaificha.