Cohen ni Kuhani, na Kuhani Haendi Makaburini

Mwezi uliopita tulikuwa njiani kwenda Pangani, kuhani msiba upande wa wakwe zangu. Redio ya gari tuliloazima ilikuwa mbovu, basi mpwa wangu akawasha simu yake, ikaja ile sauti nzito ya Leonard Cohen, mwimbaji wa Kanada, sauti ya mzee anayeongea na wewe kuliko kukuimbia. "Mjomba," akaniuliza, "hivi Cohen maana yake nini?" Nikamjibu bila kufikiri: "Kuhani." Akacheka. "Kama sisi tunavyokwenda kuhani?"

Si kama sisi. Lakini swali lake limenikaa.

Cohen ni neno la Kiebrania, kohen, na sisi tunalo kwa sura nyingine. Ndiye kuhani wa Biblia ya Kiswahili: Haruni nduguye Musa, na Zakaria aliyekuwa akifukiza uvumba zamu yake ilipofika. Waarabu wana neno la mzizi huohuo, kahin, ila kwao ni mtabiri na mpiga ramli, ndiyo maana Mwislamu akilisikia kwenye mawaidha analisikia kama onyo. Neno moja, kanisani lina heshima, msikitini lina kesi.

Sasa jambo ninalotaka kusema ni hili: Cohen si jina la ukoo kama tulivyozoea kuyaelewa majina ya ukoo. Ni jina la kazi, na mahali pa kufanyia kazi hiyo hapapo tangu mwaka 70, Warumi walipolichoma Hekalu la Yerusalemu. Fikiria ukoo wa mabaharia uliokaa bara miaka elfu mbili bila kuona bahari, na bado watoto wanafundishwa kufunga tanga.

Ndugu zangu wa Lamu wataelewa haraka, maana ni kama usharifu, kuwa wa uzao wa Mtume. Husomei wala hununui, unapewa na baba yako naye alipewa na baba yake. Mtu anaweza kuingia katika dini ya Kiyahudi akawa Myahudi kamili, hata rabi, yaani mwalimu wa dini, lakini kuhani hawi. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzia kwa jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu mwaka 1919. Kiongozi wao Gershom Sizomu alipata urabi mwaka 2008 baada ya kusoma Marekani. Rabi, sawa. Kuhani, mlango huo haufunguki kwa elimu.

Ukilitafuta jina hili mtandaoni utaletewa orodha ya watu mashuhuri. Mimi orodha hizo hunichosha, na wakati mwingine hunitia wasiwasi, kwa sababu wapo wanaowahesabu Wayahudi mashuhuri kwa fahari na wapo wanaowahesabu kwa chuki, na wote wanatumia orodha ileile. Isitoshe, jina linadanganya. Makuhani wengine wamejificha kwenye Kohn, Kahn, Kagan, Kogan (Warusi hawana "h" yetu, wakaweka "g") na Katz, ambalo Mjerumani hulisikia kama paka kumbe ni kifupisho cha kohen tzedek, kuhani wa haki. Kwa upande wa pili, Louis Kahn, msanifu wa lile jengo kubwa la Bunge la Bangladesh mjini Dhaka, hakuzaliwa Kahn. Familia yake ilikuwa Schmuilowsky, na walijibatiza Kahn baada ya kuhamia Marekani. Na Eli Cohen, mzaliwa wa Aleksandria, amekuwa maarufu kwa kutokuwa Cohen: aliishi Damascus kama mfanyabiashara Kamel Amin Thaabet, akiipelelezea Israeli, mpaka alipokamatwa na kunyongwa hadharani Mei 1965.

Wapo wa maabara pia. Nitamtaja mmoja tu kwa sababu hunifurahisha. Mwaka 1986 Stanley Cohen alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia, kwa kugundua vichocheo vya ukuaji wa seli. Cohen na Levi, yaani kuhani na Mlawi, msaidizi wake wa ukoo wa Lawi, kwenye tuzo moja! Katika sinagogi Walawi ndio wanaowanawisha makuhani mikono kabla ya kubariki. Sijui kama wenyewe waliwahi kutaniana kuhusu hilo, ila mimi ningetania.

Cohen anayetuhusu sisi wa Afrika Mashariki ni mwingine, na watu wetu wengi wamemsahau. Andrew Cohen, ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa wa Kiyahudi, alikuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1952 hadi 1957. Katika Wizara ya Makoloni, London, alijulikana kama mtu wa mageuzi, mmoja wa walioamini mapema kwamba makoloni ya Afrika yaandaliwe kujitawala. Kisha katikati ya 1953 waziri wake, Oliver Lyttelton, akagusia hadharani uwezekano wa shirikisho la Afrika Mashariki. Waganda wakasikia kitu kimoja tu: kuwekwa chini ya walowezi wa Kenya. Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, akakataa, akataka Buganda ipewe tarehe ya uhuru wake. Tarehe 30 Novemba 1953 Cohen akamwita Entebbe, akamsomea uamuzi wa Uingereza wa kutomtambua tena kuwa mfalme, na siku hiyohiyo Kabaka akapandishwa ndege kwenda Uingereza. Akarudi Oktoba 1955 na kupokewa kama shujaa, huku gavana yuleyule akiwa bado madarakani.

Je, jina lake lilihusika vipi? Halikuhusika hata kidogo. Hakuna Mganda aliyekuwa akilia mitaa ya Mengo, makao ya Kabaka, aliyewaza kuhusu Haruni. Kwao alikuwa Gavana, basi. Ndiyo maana nasema orodha haitufundishi kitu. Jina hilo unalielewa pale mtu anapolitumikia, siyo pale anapolibeba tu kwenye pasi ya kusafiria.

Na kulitumikia kwenyewe ni kwa mambo madogo, ya watu ambao hamtawasikia. Kuhani anaitwa wa kwanza Torati inaposomwa. Mtoto wa kwanza wa kiume akifikisha mwezi mmoja, baba humkomboa kwa kumpa kuhani sarafu tano za fedha. Kwa wanaoshika sheria, kuhani haruhusiwi kuoa mwanamke aliyeachika. Na siku ya baraka anavua viatu, anasimama mbele ya watu, anajifunika shali ya sala mpaka kichwani, kisha ananyoosha mikono: kidole cha shahada na cha kati pamoja, cha pete na cha mwisho pamoja, katikati pamepasuka nafasi. Waumini hawatazami. Leonard Nimoy, yule mwigizaji wa Star Trek, akiwa mtoto Boston alichungulia, na miaka mingi baadaye akaichukua ishara hiyo kuwa salamu ya mhusika wake.

Maneno wanayoyasema mnayajua. "Bwana akubarikie, na kukulinda." Sisi Walutheri huyasikia kila Jumapili ibada inapofungwa, wengine wakiwa wameshashika mikoba.

Leonard Cohen, mjukuu wa Lyon Cohen aliyeongoza Wayahudi wa Montreal, aliishi kwa kuyumba mbali na sinagogi. Alifikia hata kuwa mtawa wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, mwaka 1996. Lakini Septemba 2009, uwanjani Ramat Gan karibu na Tel Aviv, alifunga onyesho akiwa na miaka 75 kwa kuinua mikono yake miwili, vidole vimepasuliwa vile, akawabariki watu kwa Kiebrania. Kwa usiku mmoja lile jina lilirudi kazini.

Haya yote nilimsimulia mpwa wangu mpaka tukafika. Sikuwa nimemwambia sharti gumu kuliko yote: kuhani hakaribii maiti wala haingii makaburini, isipokuwa amefiwa na jamaa wa karibu kabisa, kama mzazi, mke, mtoto au ndugu. Kuna makaburi ya Kiyahudi ambako makuhani huzikwa pembezoni, karibu na njia, ili jamaa zao nao wasimame nje na kuwaona. Nilimwambia hapo, tumekaa jamvini chini ya turubai, kahawa imeshapita mara mbili.

Akafikiri. "Kwa hiyo kuhani anaweza kuja kuhani," akasema, "ila jana kwenye mazishi angebaki barabarani."

"Ndiyo."

"Peke yake?"

"Na wenzake, kama wapo."

Shangazi yake akatutupia jicho, tukanyamaza, maana shekhe alikuwa anaanza dua.