Ndago haimalizwi na jembe

Mkulima wa Kiwangwa aliyepalilia mananasi wiki iliyopita, na leo anaikuta ndago imechomoza tena, hana haja ya kuelezwa usumbufu wake. Mwaka 1977 wataalamu walioyalinganisha magugu ya dunia waliiweka ya kwanza kwa ubaya: iko katika nchi zaidi ya 90 na imevamia mazao 52. Ndiyo maana anayesema ndago ni dawa huonekana hapa Bagamoyo kama anamtetea mwizi.

Siipuuzi hasira hiyo. Nanasi huchelewa kufunika ardhi, na ndago hushamiri penye jua.

Lakini tutazame chini ya udongo. Viazi vya ndago vimeungana kama shanga kwenye uzi, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Uzi ukiwa mzima, kiazi cha mbele huchipua, vya nyuma hulala. Jembe likipita uzi hukatika, na vile vilivyolala huamka kila kimoja kivyake. Palipokuwa na mche mmoja unaikuta mitano. Nimesikia vibarua wakiitwa wavivu kwa ndago iliyoongezwa na jembe lenyewe, na jambo hili linaniuma. Hata dawa ya kuulia magugu inayonyonywa na majani hukifikia kiazi kilichochipua, vilivyolala husalimika.

Mchimba dawa anavitaka viazi vyenyewe. Hulegeza udongo, akavuta uzi mzima, akaosha, akaanika. Bibi yangu alifanya hivyo kila kaskazi, kisha akavichemsha kwa tumbo la kusokota; ukikivunja kiazi, harufu yake hubaki vidoleni. India na Uchina vimo katika tiba za jadi tangu kale, Wachina wakivitumia hasa kwa maumivu ya hedhi. Na huko Al Khiday, Sudan, watafiti walitangaza mwaka 2014 kwamba ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale una mabaki ya ndago. Watu wale walikuwa na meno machache mno yaliyooza, na watafiti wakahisi ndago ilichangia, kwa kuwa huzuia bakteria wanaotoboa meno. Mmea wa namna hiyo haustahili kuitwa uchafu tu.

Hofu zipo. Akilipwa kwa kilo, mchimbaji anaweza kubakiza mbegu ya kesho. Viazi vibichi vikimwagika njiani huanzisha shamba jingine. Mjamzito asivinywe, maana vinasifiwa kwa kuteremsha hedhi. Na eka tatu za mananasi hazichimbiki kwa mikono.

Ila kwa tuta la mchicha nyuma ya nyumba kule Kaole, ningemwita bibi wa dawa kabla ya kibarua mwenye jembe. Akimaliza, ningepanda kunde zilizosongamana zifunike ardhi mapema, kwani ndago haivumilii kivuli.