Cornell 1977 si Kilele cha Grateful Dead

Waulize washabiki wa Grateful Dead onyesho lililo bora kuliko yote, na wengi watakutajia tarehe kabla hujamaliza swali: 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton, Chuo Kikuu cha Cornell. Bendi hii ya roki ya California ilipiga maonyesho yapatayo 2,300 katika miaka thelathini, na rekodi zilizobaki ni nyingi mno. Hata hivyo taji limekaa kichwa kimoja. Kwa masikio yangu, aliyedhulumiwa hapo ni bendi hiyohiyo ilivyokuwa mwaka 1990.

Cornell wapewe haki yao kwanza. Wimbo "Scarlet Begonias" unapoingia wimbo "Fire on the Mountain", mshono hauonekani. Sauti ya Jerry Garcia, mwimbaji na mpiga gitaa, bado laini. Wapiga drams wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, wanatembea kama mtu mmoja. Miezi michache nyuma walikuwa studio na prodyuza Keith Olsen, aliyewabana sana kwenye mapigo, na kubanwa huko kunasikika.

Ila sehemu ya sifa hizo ni ya fundi mitambo. Betty Cantor-Jackson ndiye aliyerekodi usiku ule, na sikio lake halikuwa la kawaida. Kanda zake nyingi zilipigwa mnada mwaka 1986 kutoka stoo aliyoshindwa kuilipia kodi, kisha zikaanza kuzagaa kwa washabiki. Fikiria mtu aliyezoea kanda iliyonakiliwa mara sita, inayovuma kama mvua kwenye bati, halafu anatiwa hii mkononi. Alichokipenda kilikuwa bendi bora, au kanda safi? Vyote viwili, bila shaka, lakini mizani hiyo hatujawahi kuipima kwa haki.

Kisha kuna "Dark Star", na hapa huwa sinyamazi. Mwaka 1968 ilitoka kama santuri ndogo isiyofika dakika tatu. Mwaka uliofuata, kwenye albamu ya Live/Dead, ilikuwa dakika 23. Veneta, Oregon, Agosti 1972, ikapita nusu saa. Kwa aliyekulia kwenye sebene, ichukulie kama sebene iliyong'olewa mapigo: hakuna cha kushikilia, kila mpigaji anasikiliza mwenzake aone njia inaelekea wapi. Wimbo huo ndio uliowatofautisha na bendi nyingine zote. Na mwaka mzima wa 1977 haukupigwa hata mara moja. Hata mara moja! Mwaka tunaouita kilele ndio mwaka walioufungia kabatini wimbo wao wa hatari zaidi. Utaniambia walikuwa na nyimbo nyingine, na ni kweli. Lakini unyoofu wa 1977 naona ulinunuliwa kwa bei hiyo.

"Dark Star" ilirudi Oktoba 1989 kule Hampton, Virginia, baada ya kimya kingine cha miaka mitano. Tarehe 29 Machi 1990, Nassau Coliseum, wakamkaribisha Branford Marsalis, mpiga saksofoni wa jazi ambaye hadi hapo alikuwa hajawahi kupiga nao. Sikiliza "Eyes of the World" ya usiku ule. Garcia anarusha kifungu kifupi, Marsalis anakidaka, anakipinda kidogo, anakirudisha. Garcia anajibu kwa kifungu kingine kabisa, na mpiga kinanda wao, Brent Mydland, anawasukuma wote kwa kinanda cha Hammond. Baadaye kidogo wanaingia "Dark Star" na mgeni wao bado yumo. Rekodi ni safi pia, kwa hiyo safari hii fundi mitambo hawezi kuwa kisingizio cha upande wowote.

Kasoro zipo. Garcia alikuwa amezimia kwa siku kadhaa mwaka 1986 kwa ajili ya kisukari, na sauti yake ilikwisha pata nyufa, ingawa kwenye wimbo wa majuto kama "Stella Blue" nyufa hizo nazipenda kuliko ulaini wa zamani. Gitaa lililogeuzwa filimbi kwa mitambo ya kielektroniki ya MIDI limezeeka vibaya, sibishi. Na uwanja mkubwa wa michezo wa ndani kama Nassau si ukumbi wa chuo.

Tena kipindi chenyewe kilikuwa kifupi. Brent alifariki 26 Julai 1990, na kinanda kikapata mikono mingine. Onyesho la mwisho la Garcia na bendi, Soldier Field, Chicago, Julai 1995, nimelisikiliza mara moja tu.