Sumu ya kunguru na viota vya Mombasa

Tangu Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) litangaze mwezi Juni 2024 kwamba kunguru milioni moja wa Pwani wataangamizwa, wapinzani wa mpango huo hapa Mombasa wana hoja mbili: ni dhambi kuua kiumbe kwa sumu, na kunguru anatusafishia mji. Hofu yao kwamba mwewe atakula mzoga akafa inastahili jibu.

Starlicide, sumu inayotumika, huua polepole. Kunguru hufa baada ya saa kadhaa, na mpaka hapo mwili wake umeshaivunja sehemu kubwa ya sumu. Hatari iliyo kubwa zaidi ni chambo kuachwa ovyo. Ndiyo maana wajuzi hutanguliza nyama isiyo na sumu, wakatazama ni ndege gani wanaoijia, na mwishoni wakaokota mabaki yote.

Linaloniuma ni viota. Kunguru huyu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ale taka, akafika Mombasa mwaka 1947, na pamoja na taka anakula mayai na makinda ya kwera na chozi. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye shingo nyeupe, amesukumwa nje ya mji. Mtu akiwaona kwera mnazini husema ndege bado wapo. Wapo, lakini ni wakubwa watupu. Ndege mdogo anaweza kutaga na kuporwa msimu baada ya msimu, macho yetu yasione upungufu wowote mpaka wazee hao wafe na pasiwe na wa kushika nafasi yao. Kunguru aliyekufa Makadara hupigwa picha; yai lililoliwa Tudor halina shahidi, wala mtetezi.

Wanaosema tuondoe taka kwanza, sumu baadaye, wana ushahidi. Malindi na Watamu sumu iliwapunguza kunguru sana, uingizaji wa sumu hiyo nchini ukasimamishwa mwaka 2005, kunguru wakarudi. Zanzibar nako walirudi baada ya kampeni ya miaka ya 1990. Mimi naona hapo kazi iliyofaa na ikakatizwa. Tena tukiondoa taka peke yake, kunguru mwenye njaa sioni aende wapi ila viotani.

Kwa hiyo chambo cha KWS na malori ya taka ya kaunti viingie mtaa mmoja kwa wakati mmoja, kuanzia Kongowea, na visiondoke mpaka kunguru wahesabiwe upya.