Soseji za euro 40

Naishi Dortmund, mwaka wa tisa sasa, na kila nikirudi Temeke naulizwa swali lilelile: hivi hawa Wajerumani kwenye soka wanafanyaje? Muulizaji anataka jibu lenye Klopp, yule kocha aliyeipa Dortmund ubingwa, ndani yake: nidhamu, kujituma, kukaba kuanzia mbele. Kuna jamaa siku hizi wanayauza maneno hayo kwenye semina za ujasiriamali, kiingilio pamoja na chai.

Mimi huanzia kabla Klopp hajafika. Borussia Dortmund ilibeba ubingwa wa Ulaya 1997, mwaka 2000 ikauza hisa sokoni, halafu ikapagawa na usajili. Ilitumia hela za mkopo na kulipa mishahara ya kifalme, ikitegemea mapato ya Ligi ya Mabingwa ambayo ilikuwa haijafuzu. Mwaka 2003 ikatolewa na Club Brugge kwenye mchujo, na madeni yakaanza kubisha hodi. Uwanja wenyewe ilikuwa imeshauuza kwa mfuko wa uwekezaji, ikawa mpangaji kwenye nyumba yake. Tarehe 14 Machi 2005 wawekezaji wa mfuko huo walikusanyika uwanja wa ndege wa Düsseldorf kupiga kura: klabu ipewe nafuu ya kodi ya pango au ife. Wakakubali kuipa nafuu. Hata Bayern, wapinzani wake wakubwa, walikuwa wameshaikopesha euro milioni 2. Klopp alikuja 2008, makombe ya ligi yakafuata 2011 na 2012. Ile miaka mitatu ya kubana matumizi na kulipa madeni haihadithiwi semina, maana haina video.

Mwenye duka Kariakoo hahitaji kutajiwa Ujerumani ili aielewe hadithi hiyo. Ni yule aliyekopa kujaza mzigo wa sikukuu, sikukuu ikapita, mzigo ukabaki umemkodolea macho.

Lakini kilichonikaa kichwani nilikipata kwenye klabu ndogo ya mtaani anakocheza mwanangu. Mkutano wa mwaka ulifanyika chumba cha nyuma ya baa, watu kama 30, nusu yao wastaafu. Mweka hazina alisoma kila kitu: mipira, nyavu, umeme wa taa, mauzo ya soseji siku za mechi. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Mwaka uliopita soseji ziliingiza euro 40 zaidi, zimekwenda wapi? Nilitaka kucheka, nikaona hakuna anayecheka. Mweka hazina akafungua faili, akaonyesha: Jumamosi moja mvua ilinyesha, mechi ikaahirishwa, mikate ilikuwa imeshanunuliwa. Mzee akasema ahsante. Ndipo wakaguzi wawili, wanachama wa kawaida tu, wakasema vitabu viko sawa, na mikono ikanyooshwa kuipitisha kamati.

Kwa kanuni hatupishani sana. Huku tangu 1998 kuna ile ya 50+1, wanachama ndio wenye kura nyingi. Kwetu mfumo mpya wa klabu za wanachama unawaachia wanachama asilimia 51, mwekezaji 49. Uwanjani nako tumesogea: Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba 2025. Ila pita kijiweni wiki ya dirisha la usajili. Wote tunajua nani katua, kavaa nini, kapokewa na nani. Ukiuliza kanunuliwa kwa hela ipi, unaambiwa wewe ni wa upande ule mwingine.

Nami sijitoi. Nina bajaji Mbagala, shemeji ndiye msimamizi. Kwetu "hesabu" ni hela anayoleta dereva jioni. Ikija, amani, isipokuja, simu zinapigwa. Miaka miwili nilipokea hesabu bila kuona hesabu. Matairi, sevisi, bima, faini za barabarani vilikula kiasi gani, sijui. Nilipouliza, shemeji alinuna wiki nzima, akamwambia dada yake kwamba Ulaya imeniharibu.

Kinachoniudhi ni kwamba tunajua kufanya haya. Mama yangu yuko kwenye kikoba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hela inahesabiwa chini kwenye mkeka kila mtu akiona. Mwenyekiti akichelewa, faini analipa. Akina mama wale ukiwapa timu ya ligi kuu msimu mmoja tu, sijui kama wangeruhusu hata soda ya wageni ipite bila risiti.

Baada ya mkutano ule wa soseji nilimpigia shemeji kwa upole, nikampa pole na jua, nikamwomba anunue daftari. Jana amenitumia picha. Ukurasa wa kwanza: tairi mbili, bei na tarehe, mwandiko safi kabisa. Ukurasa wa pili ni orodha ya michango ya harusi ya mtoto wa jirani, na jina langu liko juu kabisa, limeandikwa "ahadi".