Ritifaa si vumbi la kioo

Rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake la ukoo lina ng', alikuwa anajaza fomu mtandaoni nami nimekaa pembeni yake. Akaandika jina, akabonyeza kutuma, fomu ikamjibu kwa maandishi mekundu: jina lako lina alama zisizoruhusiwa. Akakitazama kioo cha simu, akanitazama mimi. "Yaani jina la babu ndilo kosa?" Akafuta ritifaa, yaani kile kialama (') kinachoning'inia juu baada ya ng, akatuma tena. Fomu ikagoma, safari hii kwa sababu jina halilingani na lile la kitambulisho.

Tangu siku hiyo navitazama kwa jicho jingine vialama ambavyo tumezoea kuviruka. Shuleni tulifundishwa nukta, mkato na alama ya kuuliza tukaridhika. Vingine tumeviokota njiani, kila mtu na maana yake.

Chukua kinyota (*). Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, huko Alexandria, mhakiki Aristarchus alikuwa akisoma tungo za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, na kutia alama pembeni. Mstari alioushuku kuwa si wa Homer aliupiga kistari kilichoitwa obelos, neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti cha kuchomea nyama, au tuseme mshikaki. Mstari uliojirudia mahali pengine akautilia nyota. Baadaye alama ya obelos ikaja kuhusishwa na umbo la jambia (†), na siku hizi vyote viwili hufanya kazi ya tanbihi: ukikuta nyota, shuka chini ya ukurasa. Ila uangalie unaliweka wapi hilo jambia. Wajerumani huandika * mbele ya mwaka wa kuzaliwa na † mbele ya mwaka wa kufa, kwa hiyo ukilitundika baada ya jina la mtu mzima wa afya, kwa msomaji wa kule umeshamzika.

Wanaisimu nao wana nyota yao, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Mwalimu akiandika *mtoto wameanguka, nyota inasema: hivi hakuna asemaye. Mtafiti wa lugha za Kibantu akiandika *-ntu, nyota ileile inasema: hatuna maandishi yoyote yanayothibitisha, lakini tunaamini wazee walisema hivi. Alama moja, huku inakanusha, kule inafufua.

Alama nyingine zimepata bahati tu. Hii @ ilikuwa ya wahasibu, ya kuonyesha kila kimoja ni kwa bei gani, hadi mwaka 1971 Ray Tomlinson alipohitaji kitu cha kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta katika barua pepe. Aliichagua kwa kuwa haimo katika majina ya watu. Waitaliano wanaiita konokono, Warusi mbwa. Alama ya reli (#) nayo ilikuwa imetulia zake kwenye vitufe vya simu mpaka mwaka 2007, Chris Messina alipopendekeza itumike kukusanya mazungumzo ya Twitter. Leo zote mbili zinapokewa kama wageni wa heshima, na hakuna fomu ya barua pepe inayothubutu kuikataa @.

Ritifaa, yenye kazi ya kweli, ndiyo inayofukuzwa mlangoni. Na hapa ndipo penye ugomvi wangu.

Katika Kiswahili ritifaa ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya washairi, ya kuonyesha silabi iliyoachwa ili mizani itimie: 'mekuja badala ya umekuja. Ya pili haina mchezo, ni ng'. Hapo ritifaa haionyeshi kwamba kuna kitu kimedondoka. Ni kiungo cha sauti yenyewe. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika mizizi, ilhali ngoa ni wivu, na anayelia ngoa hahitaji daktari wa meno. Ukiiondoa ritifaa umeandika neno jingine, sawa na kuondoa h kwenye "heri" ukabaki na "eri".

Kwa nini mashine haziioni hivyo? Taipureta zilibana vitufe, zikaweka kialama kimoja kilichosimama wima kitumike kufungua nukuu, kuifunga, na kuwa ritifaa. Kompyuta zikarithi ufukara huo na kukipa nambari 39. Kisha zikaja hifadhidata, ambazo katika lugha yao kialama hicho ndicho kinachofungua na kufunga maandishi. Jina lenye ng' likiingia bila kushughulikiwa vizuri, mashine hudhani jina limeishia njiani, na wadukuzi huupenda mwanya huo. Dawa inajulikana siku nyingi, lakini fundi mvivu huona rahisi kupiga alama marufuku kuliko kurekebisha programu yake.

Programu za kuandikia nazo zina ujuaji wao. Jaribu kuandika 'mekuja mwanzoni mwa mshororo. Kompyuta itadhani unafungua nukuu na kukuwekea ‘ yenye umbo la sita, wakati ritifaa ina umbo la tisa: ’. (Sita na tisa, hata s na t zimebadilishana viti.) Nimewahi kusahihisha diwani nzima ya rafiki kwa hila ya kuandika herufi yoyote kwanza, kisha ritifaa, kisha kuifuta ile herufi. Kurasa 80.

Wenzetu wamelitatua hili bila kuomba radhi. Wahawaii wana ʻokina, kialama kinachofanana sana na ritifaa iliyogeuzwa, na wamekiingiza kwenye alfabeti yao kama konsonanti kamili, herufi ya 13. Waganda wana ŋ kwa sauti hii hii ya ng'ombe, ingawa wengi huandika ng' kwa sababu vitufe vya ŋ ni adimu. Hata Unicode, orodha ya alama zote za kompyuta, mbali na kile kialama cha wima, ina ritifaa mbili: moja ya kituo, U+2019, na nyingine inayohesabiwa kuwa herufi, U+02BC. Sidai tuanze kutafuta hiyo ya pili kwenye simu. Nataka waunda fomu waikubali hii tuliyo nayo, na wahariri waache kuitupa eti inachafua kichwa cha habari. Kwenye ujumbe wa haraka andika ngombe, nitakuelewa. Kwenye cheti cha mtu, hapana.

Rafiki yangu alijaribu mara ya tatu, akatia ` iliyojificha kwenye kona ya kibodi, kialama kilicholalia upande usio wake. Fomu ikapokea. Sasa kila barua inayomfikia kutoka kule inamwamkia kwa jina lenye kialama ambacho hata yeye hajui kinaitwaje.